Vipande 22 vya mwanzi wa njano vilichipua vyote, sasa vimekauka. Nimekosea wapi?

MamaNunu (14 Februari)

Wakuu habari za jioni. Mimi ni msomaji wa kimyakimya humu kwa miaka, leo yamenifika nimejisajili makusudi.

Nina kiwanja Goba, upande wa bondeni kunapita njia ya watu na bodaboda. Ukuta kwa sasa siuwezi, nikaamua nioteshe uzio wa mwanzi wa njano, ule wenye michirizi ya kijani kama umechorwa kwa kalamu. Nikauliza bei barabarani kwa wauza miche: mche mmoja elfu kumi na tano, na mimi nahitaji karibu thelathini. Nikapiga hesabu, nikaaga vizuri nikaondoka.

Shemeji yangu ana shina kubwa la mwanzi huohuo kwake Bunju. Desemba akanikatia vipande 22 kwa panga, kila kimoja urefu wa mkono hivi. Nikavisimika wima kwenye viriba, nusu ndani nusu nje, nikavipanga chini ya mwembe. Jamani! Wiki ya tatu vyote vimechipua, majani mabichi yanameremeta. Nikapiga picha nikaweka status, mpaka watu wakaanza kuniwekea oda. Wiki ya sita nikavihamishia kwenye mstari wa uzio. Siku kumi hazikuisha, majani yakaanza kujikunja kama sigara, yakageuka rangi ya majani ya chai. Leo ninavyoandika ni viwili tu vina dalili ya uhai.

Maji nilikuwa namwagia asubuhi na jioni, samadi ya kuku niliweka kila shimo. Tatizo ni nini? Au mwanzi una mkono wake, kama wasemavyo wazee?

Kobe Mwepesi

Status ndiyo iliyoviua hivyo. Jicho la watu halina dawa. Nimeweka kambi hapa, wajuvi waje.

Dogo Kitalu

Pole dada. Mimi nauza miche, naomba nitetee tumbo langu kidogo. Elfu kumi na tano unaiona kubwa kwa sababu unaona kijiti kwenye kiriba. Huoni kwamba kijiti hicho nimekaa nacho miezi nane, tisa, namwagia maji ya kununua. Na katika kila kumi ninavyootesha kuna vinavyokufa, hivyo navyo lazima mtu avilipie. Ungenunua vitano, vikikua unazalisha mwenyewe.

MamaNunu

Dogo sijakulaumu, mfuko ndio uliogoma.

Bwana Shamba Mstaafu

Mama Nunu, pole. Sitaki kukisia, kwa hiyo nijibu kwanza. Ulipotoa vipande kwenye viriba kuvihamisha, uliona mizizi? Mwanzi aliokukatia shemeji ulikuwa mchanga au mkongwe? Kati ya kukatwa na kusimikwa zilipita siku ngapi? Na samadi ya kuku ilikuwa imeoza, au ilitoka bandani siku hiyohiyo?

MamaNunu

Shikamoo mzee. Hapo kwenye mizizi ndipo naona aibu. Nilipochana viriba udongo ulibomoka wote, chini peupe kama mpini wa jembe. Viwili tu vilikuwa na vijiuzi vyeupe, na ndivyo hivyo viwili vilivyo hai mpaka leo. Umri sijui, shemeji alikata iliyokuwa karibu na njia. Vilikaa kwenye buti la gari tangu Jumamosi hadi Jumatatu jioni. Samadi ilitoka bandani kwa jirani, bado ina joto.

Bwana Shamba Mstaafu

Marahaba. Basi umeshajijibu, mimi nitapanga maneno tu.

Kipande cha mwanzi kinakatwa kikiwa na akiba yake ya chakula mwilini. Kikipata unyevu na joto, macho yaliyo kwenye fundo yanaamka na kutoa majani kwa akiba hiyohiyo, hata kama chini hakuna mzizi mmoja. Ni kama mimi na kiinua mgongo changu. Miezi ya kwanza nyumba ilipakwa rangi, wageni wakadhani nina biashara. Hapakuwa na biashara, ilikuwa ni akiba inatoka.

Kwa mwanzi wa njano majani huanza wiki ya pili au ya tatu. Mizizi yenye maana huja mwezi wa pili kwenda wa tatu. Wewe umehamisha wiki ya sita, akiba imekwisha na mizizi haijafika. Jua la Januari la Dar likayadai majani maji, majani yakaidai mizizi, mizizi haipo. Hayo mengine (panga, buti la gari, samadi mbichi) yamesaidia kuua, lakini kosa kubwa ni lile la kuyaamini majani.

Usivunjike moyo. Masika hayo yanakuja, na wakati wa kuotesha vipande ni sasa, kabla mvua haijakolea. Nikipata nafasi kesho nitaandika jinsi ya kufanya.

Kobe Mwepesi

"Mwenye pupa hadiriki kula tamu." Halafu mzee kaniumiza hapo kwenye kiinua mgongo, baba yangu mzazi huyo.

Chui Mpole

Samahani nitoke nje ya mada kidogo. Hivi mnapanda mwanzi nyumbani hamuogopi nyoka? Kwetu Kigamboni kuna jirani alikuwa na mwanzi mnene kama ukuta, wakatoa humo nyoka wa kijani mrefu kuliko mlango. Bibi yangu alikuwa hataki hata kuusikia.

Mnyalu Halisi

Nyoka anafuata panya, panya anafuata takataka. Sisi Iringa tumezaliwa ndani ya mianzi na tunaigema ulanzi. Mvua zikianza unakata ncha ya chipukizi, unatega mbeta, kile chombo cha kukingia, asubuhi unakuta utomvu. Ukinywa mbichi ni mtogwa, mtamu hata mtoto anakunywa. Ukilala unakuwa mdindifu, huo sasa usimpe mtoto, na wewe mwenyewe ukae karibu na kwenu. Hatujamalizwa na nyoka.

Ila Mama Nunu usije ukautega huo wa njano ukitarajia ulanzi. Wa kwetu ni mwanzi mwingine.

Bwana Shamba Mstaafu

Mnyalu kasema kweli kwa sehemu. Chui naye hakosei: pwani yetu nyoka wa kijani wa mitini wapo, wengine hatari sana, na kichaka chochote kinene kinawafaa. Dawa yake ni kuufanya mwanzi usiwe kichaka. Matawi ya chini uyaondoe mpaka usawa wa kiuno au kifua, mikongwe uikate kila mwaka, upate kuona mwanga upande wa pili. Majani yaliyoanguka yaache chini yatandazike kama mkeka, ni mbolea yake mwenyewe, ila usiyarundike na usitupe mabaki ya chakula hapo.

Sasa turudi kwenye vipande.

Kwanza chagua mwanzi wa kukata. Wa mwaka huu utaujua: bado una maganda kwenye mafundo ya chini, unang'aa, matawi hauna au ndiyo yanaanza. Huo ni mlaini mno, unaoza. Mkongwe nao umefifia, umeota madoa ya kijivu kama ukurutu, macho yake mengi yamelala na hayaamki tena. Unachotaka ni wa katikati, umri wa mwaka mmoja unusu au miwili, matawi yamekamilika lakini ngozi bado safi. Kwa wa njano kuna sharti moja zaidi: chukua wenye michirizi iliyokolea vizuri. Rangi hii wakati mwingine hukimbia, na ukianza na mzazi aliyefifia usitegemee watoto wang'ae.

Vaa mikono mirefu. Yale maganda yana vinyweleo vya kahawia vinavyowasha, si kama upupu lakini vikiingia shingoni utaimba.

Kata kwa msumeno wenye meno madogo. Panga linapasua, na ufa ukifika kwenye fundo, kipande hicho ni kuni. Kila kipande kiwe na mafundo mawili na pingili moja nzima katikati yake, uache kama vidole vinne nje ya kila fundo. Matawi yapunguze ubakize kipande kifupi tu, lakini usiguse jicho lililo kwenye kitako cha tawi. Ile hadithi ya watu ya "kwangua safi kama fimbo" isahau, ukikwangua umekata macho.

Toboa tundu dogo katikati ya pingili, upande mmoja tu, kidole kidogo kiweze kuingia. Mimina maji mpaka pingili ijae, kisha funga tundu kwa utepe wa plastiki au mpira wa ndani wa baiskeli. Pingili hiyo sasa ni mtungi wake wa maji. Laza kipande kwenye tuta, tundu likiangalia juu na macho yakiangalia pembeni, fukia kwa udongo kina cha vidole vitatu au vinne. Usikisimamishe wima: kikiwa wima, fundo la juu linakauka na jua na la chini linaoza.

Udongo wa tuta uwe mwepesi: mchanga, udongo wa juu, na samadi iliyooza mpaka haina harufu. Tandaza nyasi, weka kivuli cha makuti yanayopitisha mwanga kidogo. Maji kila siku, lakini tuta likituama umeviua.

Na yote haya siku moja. Ukikata asubuhi, jioni viwe ardhini. Kama njia ni ndefu, funga na gunia lililolowa. Buti la gari Desemba ni tanuri.

MamaNunu

Mzee Mungu akuzidishie. Nimechapa nimebandika ukutani jikoni. Swali: nitajuaje sasa kama mizizi ipo, maana majani yameshanidanganya mara moja?

Bwana Shamba Mstaafu

Usihesabu majani. Ngoja chipukizi la pili, linalotoka udongoni pembeni ya lile la kwanza, limesimama kama msumari. Hilo halitoki kwa akiba, linatoka kwenye tunguu, lile shina la chini linalofanana na tangawizi. Ukiliona, mmea umeshika. Kwa vipande vya kulaza huwa ni mwezi wa nne, wa tano, hata wa sita. Kabla ya hapo usifukue "kuangalia". Nawajua, mtafukua.

Mkaazi wa Fuoni

Assalaam alaykum. Na mimi nitie langu, kwani huku Unguja nimefanya kwa njia nyengine na imenitoka vizuri, alhamdulillah.

Angalieni mwanzi wa njano uliokomaa, katikati ya urefu wake. Kila fundo lina tawi moja kubwa kuliko ndugu zake. Kitako cha tawi hilo kimevimba, na mara nyingi utaona vijinundu vimejitokeza, hiyo ni mizizi inayongoja kuitwa. Basi mimi silikati kwanza. Nachukua makumbi ya nazi yaliyorowekwa, nayakamua, nalifunga tawi pale kwenye kitako kwa plastiki kama mtu aliyevunjika mguu. Nalipunguza urefu kwenye ncha, likabaki na mafundo matatu. Baada ya mwezi mmoja na nusu, miwili, nikibinya nasikia mizizi ndani. Hapo ndipo nalikata kwa msumeno na kulitia kiribani.

Faida yake, mama hana hasara: mwanzi unabaki umesimama. Na mtu mmoja na ngazi anaweza kufunga matawi ishirini kabla ya adhuhuri.

Dogo Kitalu

Mzee wa Fuoni umetoa siri ya kambi. Wengi wetu tunatumia matawi. Niongeze tu: tawi linaweza kuwa na mizizi tele lakini bila tunguu likakaa mwaka mzima halikui, liko vilevile kama limepigwa picha. Mteja anarudi kugomba. Kwa hiyo msinunue mche wenye kijiti kimoja tu, ulizeni wenye chipukizi jipya pembeni.

Kobe Mwepesi

Hapo Dogo umepoteza wateja na kupata rafiki.

Ua la Limuru

Hamjambo kutoka Kenya. Mimi nawaonya jambo moja kabla hamjachangamka sana: si kila bamboo ni bamboo moja. Mimi nilipewa miche na rafiki, mizuri, myembamba, njano hivi. Nikapanda kando ya ukuta. Miaka mitatu ilikuwa na adabu. Mwaka wa nne nikaona kichipukizi katikati ya nyasi, mita nne kutoka pale nilipopanda. Kisha jirani akanipigia simu, kimetokea kando ya jikoni yake. Nimechimba, nimekata, nimelipa vijana wawili siku mbili, na bado kila mvua ikinyesha naamka naenda kukagua boma kama askari.

Bwana Shamba Mstaafu

Ndugu wa Limuru, angalia mambo matatu unijibu. Kwenye kila fundo lenye matawi, matawi makubwa ni mawili? Na juu ya fundo hilo, pingili ina mfereji ukipitisha kidole, si duara kamili? Chini kabisa karibu na ardhi mafundo yamebanana?

Ua la Limuru

Ndiyo, yote matatu!

Bwana Shamba Mstaafu

Basi huo ni wa jamii ya Phyllostachys, karibu hakika Phyllostachys aurea. Asili yake China, unapenda baridi ya nyanda za juu kama kwenu. Tunguu lake ni refu, linatambaa chini ya ardhi na kuchipua mbali. Anayeutaka lazima azungushe kizuizi, plastiki nene au bati, kina cha sentimita 60 na kichomoze juu kidogo, ama aupande kwenye chungu kikubwa.

Huu wa Mama Nunu ni Bambusa vulgaris, tunguu lake ni fupi, linageuka juu palepale na kuwa mwanzi mpya. Shina linanenepa kila mwaka kwa kupanuka taratibu, halitembei kwenda kwa jirani. Hiyo ndiyo tofauti ya kuuliza kabla ya kupokea mche wa bure: unatambaa au unakaa?

Mnyalu Halisi

Mche wa bure ndio ghali kuliko yote.

Ua la Limuru

Asante mzee. Nami niongeze kwa walio huku juu: ule mwanzi wa milimani, wa Aberdare na Mlima Kenya, Yushania alpina, msijaribu kuukata vipande kama mnavyofanya huo wa njano. Nimejaribu mara mbili, kavu. Watu wa huku hupanda tunguu lenye mche, ama mbegu zikipatikana. Na msituni usikate ovyo, tangu marufuku ya 1986 watu wamejifunza kuuliza kwanza.

Bwana Shamba Mstaafu

Sahihi. Na wa Dar wasiulete pwani, huo umezoea baridi ya juu ya mita 2,000, hapa utakufa ukimlaumu mwenye nyumba.

Chui Mpole

Mimi ninao wa kwenye chupa mezani, ule uliosokotwa kama nywele, wanauita mwanzi wa bahati. Nikiukata naweza kuupanda uzio?

Dogo Kitalu

Chui, huo si mwanzi kabisa, ni Dracaena. Ndugu zake ni yale maua ya majani marefu tunayopanda kandokando ya nyumba. Asili yake ni Afrika hukuhuku, upande wa Kameruni, ukaenda Asia ukasokotwa ukaturudia na bei mpya. Kata kipande, weka kwenye maji, utatoa mizizi. Uzio hautapata.

Kobe Mwepesi

Kwa hiyo bahati nayo feki. Sawa.

Na mimi nikiri dhambi yangu leo. Mwaka juzi nilinunua mtandaoni pakiti ya "mbegu za mwanzi wa rangi", picha ina mwanzi wa bluu, wa zambarau, mwekundu. Nimeotesha, nimemwagilia kwa kijiko cha chai. Zimeota nyasi. Mbuzi wa jirani alizifurahia sana.

Bwana Shamba Mstaafu

Kobe umenichekesha, lakini hapo pana jambo zito. Mwanzi wa njano hutoa maua kwa nadra mno, na hata ukitoa, mbegu zinazoota ni kama hakuna. Kwa hiyo mtu akikuuzia mbegu za mwanzi wa njano, mshike mkono umuulize alizitoa wapi. Yote unayoiona mijini, kwenye mahoteli, mashuleni, imetoka kipande kwa kipande, mkono kwa mkono. Mwanzi wa shemeji wa Bunju na huo utakaoota Goba ni mmea uleule, umegawanywa tu.

Bahati nzuri vipande vyake ni vyepesi kuota kuliko vya mianzi mingi. Nimewahi kuona kibanda cha kuku huko Mkuranga, nguzo zake zilikatwa mbichi zikachomekwa ardhini wakati wa mvua. Baada ya muda kibanda kikawa na majani. Mwenye kibanda hakuwa na homoni wala tuta.

Dogo Kitalu

Mzee, na hiyo homoni ya unga ya kuoteshea mizizi, unaionaje? Wengine wanapaka shubiri, wengine maji ya madafu.

Bwana Shamba Mstaafu

Homoni inasaidia mianzi migumu, huu wa njano unaweza kuuotesha bila hiyo. Shubiri haina madhara, paka ukipenda. Madafu nywa.

MamaNunu (16 Machi)

Mrejesho wa kwanza. Jana asubuhi nimekwenda Bunju mwenyewe na msumeno. Shemeji alinicheka mpaka alipoona namimina maji kwenye pingili kwa chupa ya dawa ya kikohozi, akanyamaza akaanza kunishikia. Vipande 24 vya mafundo mawili. Saa kumi na moja jioni vilikuwa vimeshalala ardhini. Na matawi sita nimefunga makumbi kulekule mtini, ya mzee wa Fuoni. Shingo inaniwasha hadi sasa, sikusikia la mikono mirefu.

Mkaazi wa Fuoni

Maa shaa Allah. Jipake mafuta ya nazi, na nguo hizo usizichanganye na za watoto kufua.

MamaNunu (9 Aprili)

Majani. Mengi. Status sijaweka.

Kobe Mwepesi

Tunakusifu kwa uvumilivu.

MamaNunu (2 Juni)

Wakuu nimefukua kimoja. Kimoja tu! Nisameheni. Kina mizizi ya urefu wa kidole, mingi, nikakirudisha haraka. Vinne vimeoza, na viwili mchwa wamevila kutoka ndani, nilikuta pingili imebaki ganda. Nimwage nini?

Bwana Shamba Mstaafu

Nilijua utafukua. Mchwa wanakuja ukiweka nyasi kavu zikagusa vipande huku tuta likikauka. Sogeza nyasi kidogo, tuta lisikauke, nyunyiza majivu pembeni. Kama kichuguu kiko karibu kishughulikie chenyewe. Vilivyobaki 18, hiyo ni hesabu nzuri.

MamaNunu (11 Novemba)

Mrejesho. Kati ya 24 vimebaki 17, kimoja kilikufa tu bila sababu. Vingine vimetoa kwenye mafundo yote mawili, kwa hiyo nilikata katikati kwa msumeno nikapata miche 23. Matawi ya makumbi yametoka manne kati ya sita, mzee wa Fuoni pokea salamu. Jumla 27, na vile viwili vya Desemba ambavyo havikufa 29. Nilisubiri machipukizi ya udongoni kama nilivyoagizwa, yalianza Agosti, membamba kama njiti za mshikaki. Nimepanda yote wiki iliyopita vuli ilipoanza, hatua moja na nusu kati ya mche na mche, shimo lina samadi ya ng'ombe ya mwaka jana.

Maswali mawili. Mbona machipukizi ni membamba hivi, yatanenepa? Na mche mmoja umetoa chipukizi la kijani tupu, halina njano hata tone.

Bwana Shamba Mstaafu

Hongera sana. Hayatanenepa. Mwanzi unatoka ardhini na unene wake wa kufa nao, hauongezeki hata uishi miaka kumi. Kinachobadilika ni wanaofuata: mwakani watatoka wakubwa kuliko hawa, mwaka wa tatu wakubwa zaidi, na mwaka wa nne au wa tano ndipo utapata wa kushika kwa mkono mzima. Hawa wembamba waache kwa sasa, majani yao ndiyo jiko la wadogo zao.

Huo wa kijani ukate chini kabisa, chimba na tunguu lake utoe. Damu ya kijani ina nguvu kuliko ya njano, ukiuachia utalimeza shina lote.

Sasa na mimi nina swali. Mstari wako unapita wapi kulinganisha na shimo la maji taka?

MamaNunu

Pembeni kidogo. Kama mita mbili. Mzee, kuna nini?

Bwana Shamba Mstaafu

Miche mingapi iko hapo?

MamaNunu

Mitatu.

Bwana Shamba Mstaafu

Ihamishe leo wakati mvua inanyesha na bado midogo. Mizizi yake ni kama nywele, zege zima haipasui, lakini ikipata ufa kwenye bomba au kwenye karo itaingia kufuata maji na kulijaza. Na shina likipanuka litasukuma tofali. Ipeleke mita tano au zaidi. Chimba na udongo wake, funga na gunia bichi, usikae nayo.

Kobe Mwepesi

Usiipitishe kwenye buti la gari.

MamaNunu

Nimeshavaa buti za mvua. Jembe liko kwa jirani, namfuata.

Chui Mpole

Mama Nunu ukimaliza, nami nina uzio Kigamboni. Vipande vinaanza kutolewa lini?